Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi na Vitu Vilivyodhaniwa Havina Sumaku

Wafanyabiashara wa vyuma vikuukuu wa Kawangware wana mizani mbili. Ya kwanza ni ile ya kupimia uzito. Ya pili ni kipande cha sumaku, aghalabu kilichobanduliwa kutoka kwenye spika ya redio iliyokufa, kikafungwa uzi. Kitu kikiirukia sumaku hiyo ni chuma, na bei yake ni ya chini. Kisiporuka, huenda ni shaba au alumini, na hapo bei hupanda. Biashara nzima imesimama juu ya mgawanyo huo: kuna vinavyovutwa na kuna visivyovutwa. Mgawanyo wenyewe unafaa sokoni, nami sina ugomvi nao. Ila si wa kweli. Na mtu aliyetuonyesha kuwa si wa kweli hakuwa mtoto wa tajiri wala mhitimu wa chuo kikuu chochote, bali fundi wa kujalidi vitabu aliyezaliwa na mhunzi.

Mimi si mwanafizikia. Kazi yangu ni isimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda Kibera na Kawangware kuchunguza jinsi watoto wanavyoumba maneno. Huko mtu hujifunza mengi yasiyokuwa katika mpango wake wa utafiti. Watoto wa Kibera, mathalani, hupenda kuburuta sumaku katika mchanga unaoachwa na mvua kandokando ya njia. Sumaku huibuka imejaa chembe nyeusi zilizosimama kama manyoya ya nungu. Chembe hizo ni oksidi ya chuma. Lakini wekundu wa udongo wa Nairobi nao hutokana na oksidi ya chuma, na udongo ule mwekundu haurukii sumaku. Ukivutwa, huvutwa kwa unyonge usioonekana kwa macho. Mtoto atakayeuliza kwa nini chuma kilekile kikichanganyika na oksijeni ileile huwa mara na sumaku na mara hakina, atakuwa ameuliza swali ambalo bado linaandikiwa tasnifu. Ndiyo maana leo nimeona heri nisimulie maisha ya Michael Faraday, ambaye walimu wengi humtaja kwa umeme na kusahau kilichomshughulisha katika nusu ya pili ya maisha yake.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka 1791 huko Newington Butts, mahali ambapo siku hizo palikuwa pembezoni mwa London na ambapo baadaye pamemezwa na jiji hilo. Baba yake, James, alikuwa amehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki ya uhunzi, akakuta kazi haba na maradhi tele. Familia iliishi kwa miaka mingi katika vyumba vilivyokuwa juu ya banda la magari ya farasi. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Wakazi wa Laini Saba na Gatina hawahitaji kufafanuliwa maana ya hesabu hiyo.

Shuleni hakukaa sana. Waliosimulia utoto wake hueleza kwamba alishindwa kutamka sauti r, hata jina la kaka yake, Robert, likawa linamtoka likianza kwa w. Mwalimu aliamua kumtibu kwa kiboko, akampa huyo kaka pesa akanunue fimbo. Mama yao alipopata habari akawaondoa wote wawili. Mwanaisimu hawezi kuipita habari hii bila kusimama. Sauti r ni miongoni mwa sauti ambazo watoto wa mataifa mengi huchelewa kuzipata, na hapa kwetu wako wanaoichanganya na l kwa sababu tu lugha zao za kwanza hazizitenganishi hizo mbili. Ni watoto wangapi wa Kenya walioacha kuinua mkono darasani kwa kuogopa kuchekwa? Faraday aliponea chupuchupu, na baadaye akaja kuwa mmoja wa wahadhiri waliosikilizwa zaidi katika karne yake.

Mwaka 1804, akiwa na umri wa miaka 13, aliajiriwa kuwa tarishi wa George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu. Mwaka uliofuata akaandikishwa kuwa mwanagenzi wa kazi hiyo kwa miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma kabla ya kuvirudisha. Miwili ya walimu wake wakubwa walikuwa kitabu cha kemia alichokiandika Jane Marcet kwa mtindo wa mazungumzo, kwa ajili hasa ya wasichana, na makala kuhusu umeme katika ensaiklopidia ya Britannica.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wasemaji wa siku za kutoa zawadi shuleni. Hao hupenda kumtaja Faraday, kisha huwageukia watoto wa mitaa ya mabanda na kuwaambia kwamba umaskini si kizuizi kwa mwenye bidii. Wasimulie basi hadithi yote. Riebau alimruhusu kijana wake asome na afanye majaribio dukani. Kaka yake Robert, aliyerithi uhunzi wa baba, ndiye aliyemlipia shilingi moja moja ili ahudhurie mihadhara ya sayansi ya jioni kuanzia mwaka 1810. Mteja mmoja wa duka, William Dance, ndiye aliyempa tikiti za kwenda kumsikiliza mkemia mashuhuri Humphry Davy katika Taasisi ya Kifalme mwaka 1812. Bidii ilikuwa ya Faraday, naam. Milango ilifunguliwa na watu wengine, na kila mmoja anajulikana kwa jina. Kumsifu mtoto wa Kibera kwa uvumilivu wake bila kumfungulia mlango hata mmoja ni kujipunguzia deni kwa maneno.

Faraday aliandika kwa utaratibu yote aliyoyasikia kwa Davy, akachora na vyombo vilivyotumika, akajalidi maandishi hayo kwa mkono wake mwenyewe na kumpelekea mhadhiri. Tarehe 1 Machi mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, baada ya aliyekuwapo kufukuzwa kwa kupigana. Mwaka huohuo alifuatana na Davy katika safari ndefu ya Ulaya, ambako mke wa Davy alimfanya kuwa mtumishi wa nyumbani. Alistahimili, akarudi mwaka 1815 akiwa amekutana na wanasayansi wakubwa wa Ufaransa na Italia.

Ya umeme nitayapita haraka kwa kuwa yamo katika kila kitabu cha kiada. Mwaka 1821, mwaka alioomuoa Sarah Barnard, alifaulu kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku. Hiyo ndiyo asili ya mota. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayosogezwa ndani ya koili huzalisha umeme. Umeme unaotoka Olkaria na kwenye mabwawa ya mto Tana ukaingia Kibera, kwa mita au kwa nyaya za kuunganishwa usiku, hutokana na kanuni hiyo.

Kinachonivutia mimi zaidi ni kilichofuata mwaka 1834. Faraday alikuwa amegundua sheria za jinsi umeme unavyozivunja kemikali, lakini akajikuta hana maneno. Maneno yaliyokuwapo yalikuwa yamebeba ndani yake nadharia za watu wengine kuhusu umeme unatoka wapi na unakwenda wapi, naye hakuziamini. Hakujua Kigiriki wala Kilatini. Akamwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge aliyekuwa bingwa wa lugha, na katika barua zao wakaafikiana juu ya anodi, kathodi na ioni. Maneno hayo leo yamo katika Kiswahili, katika Kijapani na katika lugha nyingine nyingi zinazofundisha kemia. Tazama alivyofanya: hakusubiri lugha imfikie, na wala hakuona haya kuomba msaada.

Miaka iliyofuata alidhoofika. Kumbukumbu yake ilianza kumtoroka, akalazimika kupumzika kwa muda mrefu. Aliporejea maabara kwa nguvu mwaka 1845, alikuwa na umri wa miaka 53 na wengi walidhani amekwisha. Septemba ya mwaka huo alipitisha nuru ndani ya kioo kizito chenye risasi kilichowekwa karibu na sumaku, akaona nuru imepindishwa mwelekeo wa mtikisiko wake. Ikiwa sumaku imeigusa nuru ndani ya kioo, aliwaza, basi imekigusa na kioo chenyewe. Lakini kioo hakina sumaku. Kila mtu alijua hivyo.

Tarehe 4 Novemba aliufunga mche wa kioo hicho kwa uzi wa hariri na kuuning'iniza katikati ya ncha za sumaku-umeme kubwa iliyotengenezwa kwa nusu ya pete ya mnyororo wa nanga. Kipande cha chuma kikiwekwa hapo hujielekeza kwenye ncha mbili, kama dira. Kioo kilifanya kinyume. Kiligeuka polepole, kikalala kikingamana na ncha hizo, na kila kilipokaribishwa kwa ncha moja kilisogea mbali nayo. Kilikuwa kinasukumwa.

Hapo ndipo ubora wa mtu huyu ulipojidhihirisha. Hakuridhika na kioo. Alining'iniza kila alichokipata: mbao, pembe ya ndovu, nyama ya ng'ombe mbichi na iliyokauka, tofaa, mkate, ngozi, damu. Vyote vilisukumwa. Karatasi, lakiri, kaure, makaa na vingine kadhaa vilivutwa, japo kidogo, na alitambua vyema kwamba chembe chache za chuma zinaweza kumdanganya mpimaji. Baadaye aliendelea na miali ya moto na gesi, akakuta kwamba oksijeni tunayoivuta puani huvutwa na sumaku. Hakuna alichokining'iniza ambacho kwa nguvu ya kutosha hakikuijibu sumaku kwa namna moja au nyingine. Mkate aliokuwa akigawiwa mmoja kwa wiki ulikuwa umejiunga na chuma cha baba yake katika orodha moja.

Wala hakuwa wa kwanza kuona kitu kikisukumwa. Mholanzi Anton Brugmans alikuwa ameona mwaka 1778 kwamba madini ya bismuthi huikimbia sumaku. Jambo hilo lilikaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 60 kama kioja, kwa sababu halikuwa na jina wala ndugu. Faraday alilipa vyote viwili. Alimwendea tena Whewell, na kutokana na mashauriano yao tukapata diamagneti, yaani vitu vinavyosukumwa, na paramagneti, yaani vinavyovutwa kwa unyonge na kuiacha tabia hiyo sumaku inapoondolewa. Siku hizohizo za Novemba mwaka 1845 alianza pia kulitumia katika shajara yake neno la uga wa sumaku, ambalo bila hilo fizikia ya leo haisemeki.

Mimi hushikilia, na wenzangu wengine hunipinga, kwamba uchunguzi usiopewa neno haudumu. Ushahidi wangu ni hiyo miaka 60 ya bismuthi.

Heshima zilimjia, naye akazichuja. Alikataa cheo cha kuitwa Sir. Alikataa urais wa Chama cha Kifalme cha wanasayansi. Alikuwa muumini wa madhehebu madogo ya Wasandemani, waliohesabu kujikweza kuwa dhambi, akahudhuria ibada zao maisha yake yote. Alichokipenda ni mihadhara ya Krismasi kwa watoto, ambayo aliitoa mara 19 kati ya mwaka 1827 na mwaka 1860. Hisabati hakuijua, ilibidi James Clerk Maxwell aje kuyageuza mawazo yake kuwa milinganyo. Jaribio lake la mwisho la utafiti alilifanya Machi mwaka 1862. Alitaka kuona kama sumaku inaweza kuibadilisha nuru ya mwali wa moto katika chanzo chake. Hakuona kitu. Mwaka 1896 Pieter Zeeman wa Uholanzi alilirudia jaribio hilo kwa vyombo vikali zaidi, akaona. Faraday hakuwapo. Alikuwa amefariki tarehe 25 Agosti mwaka 1867, akazikwa katika makaburi ya Highgate kama alivyotaka, bila makuu.

Orodha yake ya vitu haijafungwa hadi leo. Miongoni mwa vilivyovutwa alikuwa ameandika grafiti, kile kitu cheusi tunachokiita risasi ya penseli. Sasa tunajua kwamba grafiti safi husukumwa, tena kwa nguvu inayopita ya vitu vingi. Kipande alichokipima hapana budi kilikuwa na chembe za chuma. Mwaka 1997, katika mji wa Nijmegen nchini Uholanzi, Andre Geim na wenzake walimwelesha chura hai hewani kwa sumaku kali, kwa kuwa maji yaliyo mwilini mwake husukumwa kama nyama na mkate wa Faraday. Geim huyohuyo, mwaka 2004, akiwa Manchester pamoja na Konstantin Novoselov, aliibandua grafiti kwa utepe wa gundi hadi akapata utando wenye unene wa atomu moja. Utando huo ndio unaoitwa grafini, na uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Wataalamu sasa huzipandikiza chembe za oksidi za metali juu ya grafini, chembe ndogo kiasi kwamba milioni moja kati yake zikipangwa mstari mmoja zingeenea kama sentimita moja hivi. Katika udogo huo tabia hubadilika. Chembe ya oksidi ile nyeusi ya chuma, ikiwa ndogo hivyo, huvutwa sana sumaku inapokuwa karibu na kusahau kila kitu sumaku inapoondoka. Mfaransa Louis Néel ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1949. Mwaka 2010 watafiti nchini Korea Kusini walitumia mchanganyiko wa oksidi hiyo na grafini kunasa sumu ya aseniki majini, kisha wakautoa mchanganyiko pamoja na sumu yake kwa sumaku ya kawaida.

Kigumu zaidi ni pale oksidi ambazo kwa kawaida husukumwa, kama ile ya zinki, zinapoonekana kuvutwa zikiwa chembe ndogo au zikishikamana na grafini. Wako wanaosema sababu ni atomu zilizokosekana katika mpangilio, au elektroni zinazovuka mpaka baina ya oksidi na kaboni. Wako wanaoshuku uchafu, na wana haki ya kushuku. Mwaka 2004 watafiti wa Dublin walitangaza kwamba utando wa oksidi ya hafni una sumaku isiyotarajiwa. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaonyesha kwamba kibano cha chuma cha pua, kikigusa tu utando kama huo, huweza kuacha chuma cha kutosha kuleta dalili zinazofanana. Hofu ni ileile ya mwaka 1845. Kibano kimechukua mahali pa lakiri.

Sasa nirudi kwa walimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Hata hivyo sayansi katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Kibera aliyeyaona yale manyoya meusi kwa macho yake huambiwa aeleze kwa lugha ambayo haitumii anapocheza. Akinyamaza, huandikiwa kuwa hajui. Simtaki mwalimu aache Kiingereza. Namtaka aruhusu uchunguzi uandikwe kwanza kwa lugha uliyoonwa nayo, na maneno yakipungua, yatafutwe, kama Faraday alivyoyatafuta.

Jaribio moja liko tayari, na gharama yake ni ndogo. Chukua mrija wa kunywea soda, uchomeke nyanya ndogo kila upande, uuning'inize katikati kwa uzi mwembamba hadi utulie, ukiwa umefunga madirisha upepo usiingie. Kisha tafuta sumaku kali ya neodimi, ambayo hupatikana ndani ya diski ngumu za kompyuta zilizotupwa. Mafundi wa Kibera na Kawangware wanazo. (Vidole viangaliwe, sumaku hizo hufinya.) Isogeze karibu na nyanya moja bila kuigusa. Nyanya itaanza kwenda, taratibu mno, ikiikimbia sumaku, kwa sababu karibu yote ni maji. Mimi huliita jambo hilo sumaku pinzani, lakini sijaridhika na jina hilo. Wanafunzi waliosoma hadi hapa, walifanye, kisha waniandikie kupitia ukurasa huu wao wangeliitaje.